Wao Wana Sekunde Mbili za 1888, Mimi Sina Sehemu ya Kwanza

Kwenye kikundi chetu cha filamu hapa Leeds kila mtu ana zamu ya kupendekeza. Unataja filamu, mwaka wake na aliyeiongoza, unaeleza kwa nini unaipenda, wenzako wanapewa muda waitafute na kuitazama, halafu mnakutana kuijadili. Sharti ni moja tu: iwe inapatikana. Sharti lenyewe dogo hivyo, lakini zamu yangu ilipokaribia lilinikondesha.

Niseme mapema kabla hamjaanza: sijasema hawa Waingereza wanapenda filamu kuliko sisi. Hawatuwezi hata kidogo. Wazazi wetu kule Dar walikuwa na majumba ya sinema, Avalon, Empire na Odeon, na drive-in ya Msasani iliyofunguliwa 1966, pale ulipo Ubalozi wa Marekani sasa. Mimi nimekulia Tandika. Wavulana walikuwa na vibanda umiza vyao, benchi, joto, jasho, na Lufufu akiwatafsiria filamu za Kimarekani na za Kichina hadi mtu akatoka pale akiamini wale watu wote ni wazaliwa wa Temeke. Sisi mabinti ole wako uonekane huko. Sinema yetu ilikuwa sebuleni kwa mama jirani mwenye TV na deki: watoto kwenye mkeka, akina mama kwenye makochi yenye vitambaa vya kufuma, na Bongo muvi kuanzia alasiri mpaka mtu aitwe kwao kupika.

Pale hakuna aliyengoja filamu iishe ndipo aseme. Mke mdogo akitokeza tu mlangoni, hukumu imeshapita. Mwenye rimoti alikuwa anasimamisha filamu ili watu wamalize ubishi kwanza, na mara nyingi ubishi ulihamia kwa mume wa fulani wa nyumba ya tatu, steringi wetu kaganda kwenye kioo mdomo wazi, hakuna anayemkumbuka.

Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba hatujui kujadili filamu. Nitawapa mfano. Kuna jarida la Uingereza, Sight and Sound, ambalo tangu 1952 huwauliza wahakiki kila baada ya miaka kumi ni filamu zipi bora kuliko zote. Mwaka 2022 iliyoshika namba moja ni ya Chantal Akerman, ya 1975, kuhusu Jeanne Dielman, mama mjane wa Brussels. Inachukua zaidi ya saa tatu. Mama anamenya viazi, anatandika kitanda, anasugua beseni la kuogea, mchana anapokea wanaume wanaomwachia pesa, jioni anampakulia mwanawe. Mwenzetu mmoja, mwalimu mstaafu, aliipendekeza, na siku ya mjadala wenzangu wakaongea sana kuhusu ukimya, na kamera isiyosogea, na maana ya muda. Mimi nangoja mtu aseme viazi. Siku ya pili yule mama anaviacha jikoni vinapitiliza! Mwanamke ambaye jana kila kitu alikifanya kwa dakika yake, leo viazi vimemshinda. Mama yeyote wa Tandika angeinuka kwenye kochi hapohapo: "Huyu leo ana jambo, mtaniambia." Nilipolisema walitikisa vichwa, wawili wakaandika kwenye madaftari. Wanaandika kila kitu hawa.

Basi nikawa na kiburi changu kidogo, hadi zamu yangu.

Nilitaka kupendekeza filamu ya enzi za Steven Kanumba, nyota wetu mkubwa wa Bongo muvi. Jina silitaji, maana mtaacha hoja mtaanza kuniuliza kwa nini siyo ile nyingine. Nitasema tu kwamba iliwanyamazisha akina mama wote wa sebule ile, na hao hawakuwahi kunyamazishwa na mtu, hata mjumbe. Nikaingia YouTube. Kuna vipande, vimekatwa katikati ya sentensi, vimepachikwa nembo ya mtu mwingine na jina jipya la kuvutia wapita njia. Nikamtuma binamu yangu Kariakoo, mitaa ile ya Aggrey ambako zamani ulikuwa hupiti bila kusukumiwa CD mkononi. Muuzaji wa kwanza akamwambia, "Kaka, hizo zilishapita." Wa pili anajaza watu muvi kwenye flashi: sizoni za Kikorea anazo, za Kituruki anazo, tena zimetafsiriwa. Ya kwetu hana. Mwisho kabisa, kwenye boksi lililokuwa chini ya meza ya fundi redio, ikapatikana CD yenyewe, na jaketi lake.

Sehemu ya pili.

Mnaokumbuka mnajua. Hadithi ilikuwa inakatwa mara mbili ili tununue mara mbili, na sisi tulinunua. Sasa nilifanya nini? Nilisimama mbele ya watu wazima wa Yorkshire nikawasimulia sehemu ya kwanza yote kwa kichwa, sauti ya mama mkwe, kilio cha bibi harusi, mlango unavyobamizwa, kisha tukaiweka ya pili na maandishi yake ya Kiingereza ambayo ni mtihani peke yake. Walicheka pa kucheka, na mama mmoja alifuta machozi mahali ambapo hata mimi sikutarajia. Nilifurahi, sikatai. Lakini wakauliza imeongozwa na nani, ya mwaka gani. Nikageuza jaketi. Jina la msambazaji lipo, kubwa kuliko la filamu. Namba za simu zipo. Mwaka haupo.

Mzee mmoja aliyefanya kazi reli akasema, bila ubaya wowote, kwamba huko Roundhay, ndani ya jiji hilihili, mwezi Oktoba 1888 Louis Le Prince alipiga filamu ya watu wanne wakizunguka bustanini. Ni sekunde mbili hivi tu. Hadi leo wanaonekana wakizunguka.

Nilirudi nyumbani nimekasirika, na si kwa mzee wa watu.

Tarehe 7 Aprili 2012 Kanumba alifariki, ana miaka 28. Mnakumbuka mlikokuwa siku ile. Mnakumbuka Leaders Club ilivyofurika, watu wakizimia na kubebwa, na njia ya kwenda makaburi ya Kinondoni. Jiji lilisimama. Msanii tuliyemzika hivyo, kazi zake tunazitafuta chini ya meza ya fundi redio? Hivi tulikuwa tunalia nini pale?

Tayari namsikia mtu: "Dada umeshakuwa Mzungu, unatudharau." Mimi huyu ambaye nimesimama kuigiza mama mkwe wa Kiswahili mbele ya wageni? Nimedharau nini? Mwenye dharau ni aliyeona kazi ya watu imekwisha kuuzika akaifuta ili apate nafasi ya nyingine. Mnajua biashara ilivyokwenda. Mtayarishaji hana mtaji, filamu imepigwa kwa siku chache kwenye nyumba ya kuazima, msambazaji anainunua moja kwa moja, kazi na haki zake zote, analipa siku hiyo mambo yakaisha. Kuanzia hapo nakala mama ni mali ya kabati la mtu. Halafu maharamia, halafu simu janja, soko la CD likafa, na kabati lile hakuna mwenye sababu ya kulifungua. Waigizaji wenyewe hawana nakala za kazi zao.

"Zilikuwa mbovu, acha zife." Huyu ndiye ananichosha kuliko wote, kwa sababu nusu ya anachosema ni kweli. Muziki ulifunika maneno. Ile nyumba ya Mbezi Beach yenye ngazi za kuzunguka tuliiona mpaka tukajua vyumba vyake. Maskini wa filamu alivaa wigi jipya. Lakini Waingereza hawatunzi nzuri peke yake! Ghala lao la filamu la taifa lipo tangu 1935 na ndani yake kuna mpaka matangazo ya biashara. Wameweka upuuzi mwingi sana, nimeuona, na ndiyo maana wanaweza kubishana leo kipi kilikuwa upuuzi na kipi hakikuwa. Sisi tunabishana kwa kumbukumbu. Wewe unasema ilikuwa kali, mimi nasema haikuwa, nani atatuamua?

"Si ungependekeza Vuta N'kuvute?" Naijua, msinifundishe. Amil Shivji ameitoa kwenye riwaya ya Shafi Adam Shafi, ikaenda tamasha la Toronto 2021, na ni nzuri haswa. Tena ikitajwa kwenye kikundi nitavimba kichwa. Lakini mimi niliombwa filamu ninayoipenda, siyo ya kutuondolea aibu mbele ya wageni. Niliyolelewa nayo ni ile ya mkekani. "Angalia basi Sinema Zetu." Naipongeza Azam kwa kuzirusha za zamani, lakini chaneli inachagua yenyewe itaonyesha nini na saa ngapi, na siwezi kumwambia mzee wa reli anunue king'amuzi akae macho akiomba bahati.

Na yule wa mwisho, mwenye swali la "sasa unataka serikali ifanye nini tena?" Kidogo tu, kaka yangu. Tuna Bodi ya Filamu, tuna sheria ya filamu na michezo ya kuigiza tangu 1976, na kazi ya bodi ni kukagua filamu kabla hatujaiona. Ina maana kila iliyopita njia halali, kuna mtu alikaa akaitazama hadi mwisho kupima urefu wa sketi. Basi hiyohiyo nakala iliyokaguliwa iwe na chumba chake na namba yake, mtu akiomba aione, aione. Hata kwa ada. Tunalipia mangapi?

Najua mtakuja kusema maneno ni rahisi ukiwa kwenye joto la hita. Sawa. Ila kikundi kimeniambia sehemu ya kwanza bado wanaisubiri, hawakuridhika na sauti yangu. Kama kuna mwenye nyumba ambayo CD za zamani bado zimebanwa nyuma ya TV, azipekue, hata zilizokwaruzika, na binamu yangu atazifuata kokote kuanzia Bunju hadi Chanika. Bei ya Kariakoo lakini. Msinipigie bei ya mtu wa Ulaya.