Binti Yangu Kanigeuza Chanzo cha Habari

Kama una mtoto anayesoma Masikomu, yaani mawasiliano ya umma, chuo kikuu, pole sana, na ushauri wangu ni huu: ukirudi nyumbani oga, kula, lala. Usiongee. Juzi nimesema tu, tena kwa nia njema, kwamba sukari imepanda bei. Binti yangu akaweka kijiko chini. "Baba, chanzo chako ni nani?"

Chanzo! Nimetoka dukani sasa hivi, chenji iko mfukoni, bado natakiwa chanzo. Nikamwambia ni Mangi mwenye duka. Akatikisa kichwa. "Hicho ni chanzo kimoja. Halafu kina maslahi." Mama yake naye akadakia kwamba kwa duka la juu haijapanda. Basi nikaonekana mzushi mbele ya ugali nilioununua mwenyewe.

Mwenzenu ni fundi seremala, niko Keko. Vitanda, makabati, milango, ukitaka na jeneza tunaongea. Huyu binti alipopata chuo nilitangaza kijiwe kizima: jamani kaeni mkao wa kula, mtamwona kwenye taarifa ya habari saa mbili usiku. Nilidhani ndivyo inavyokwenda. Unaingia darasani, unavalishwa koti, unapakwa poda, unasoma habari. Mwaka wa kwanza ukaisha, mtoto hajaonekana hata kwenye tangazo la sabuni. Kijiweni wakaanza: "Fundi, vipi, au ving'amuzi vyetu havimshiki?"

Kumbe mwaka mzima ni nadharia. Na akija likizo anapiga msuli kwa sauti, nyumba yenyewe dari hakuna, kwa hiyo akisoma yeye tunasoma wote. Nipeni mtihani leo muone kama nitapata sapu, ule mtihani wa kurudia wa waliofeli. Kuna mzee mmoja wa Kimarekani anaitwa Lasswell. Mwaka 1948 aliandika kwamba ukitaka kuelewa mawasiliano jiulize: nani, kasema nini, kwa njia gani, kamwambia nani, na ikawaje. Basi. Watu wamekopa Bodi ya Mikopo ili waje waambiwe hivyo! Mama mkwe wangu kule Handeni akiletewa umbea anauliza hayo hayo matano, tena kwa mpangilio huo huo, na Bodi haimdai hata senti.

Yupo mwingine nilimpenda, anaitwa White. Mwaka 1950 alitoa utafiti kuhusu mhariri wa gazeti fulani dogo la Marekani, akambatiza jina la Bwana Gates, yaani mlinda lango. Habari za mashirika ya habari zinatua mezani kwake, yeye anaamua ipi ipite na ipi ifie pale. Kwa wiki moja alitupa karibu tisa katika kila kumi, na sababu akawa anaandika kwa mkono wake: hii nafasi hakuna, hii propaganda, hii haivutii. Nikamwambia binti, huyo Bwana Gates mbona anaishi humu ndani? Simu za kijijini zote anapokea mama yako. Ndugu zake wakiomba mchango wa harusi, taarifa inanifikia ikiwa ya moto. Ndugu zangu wakiomba, naipata harusi imeshapita na bibi harusi ana ujauzito.

Gharama sasa. Bodi ilimpa sehemu, sehemu nyingine inalipwa na randa langu. Boom, ile hela ya mkopo ya kujikimu, likitoka siambiwi. Likikata napigiwa saa tano usiku kwa sauti ya upole, "Shikamoo baba, umelala?" Mtoto wa jirani anasomea uuguzi, akija likizo anampima babaye presha bure. Wangu alienda fildi kwenye redio moja hapa mjini, nikajisemea haya sasa, na sisi tutaonja. Nauli nimetoa mimi, hela ya kula nimetoa mimi, na kazi aliyopewa ni kupokea simu za watu wanaoomba nyimbo.

Halafu mimi na vyombo vya habari tuna kesi ya zamani. Tumekua na redio moja, Redio Tanzania Dar es Salaam, na hakuna aliyebadilisha stesheni kwa sababu hapakuwa na ya kubadilishia. Televisheni wenzetu wa Zanzibar walikuwa nayo ya rangi tangu miaka ya 1970, sisi Bara tukasubiri mpaka 1994. Ilipokuja nikaishangilia kuliko mtu yeyote, maana zile TV za chogo zilikuwa hazikai hewani. Zinataka kabati! La mninga, milango ya vioo, droo mbili chini za kufichia kanda, kitambaa cha kufuma juu. Bati zangu zote nimeezeka kwa makabati ya TV. Mara zikaja TV bapa. Mtu anatoboa ukuta, skrubu nne, kamaliza, seremala hahusiki. Nikiwa bado nauguza hilo, 31 Desemba 2012 wakazima mitambo ya analojia hapa Dar, na hela ya kitanda ambayo mteja alikuwa ameniahidi ikaenda kununua king'amuzi. Nilimuuliza binti kama kwenye historia yao ya habari kuna ukurasa wa maseremala walioumizwa na teknolojia. Hakuna. Wanamsoma Gutenberg, yule Mjerumani wa mashine ya kuchapa. Nikamuuliza mashine ya Gutenberg ilitengenezwa kwa kitu gani? Mbao! Na fundi wa mbao ni nani? Akaandika pembeni, akasema ataulizia. Mpaka leo.

Lingine linaloniuma ni hawa vijana wa barabarani. Binti kila siku ananisomea Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, kwamba mwandishi lazima awe na ithibati, yaani kibali cha kufanya kazi hiyo, na kanuni zake zinataka angalau stashahada. Sawa. Sasa toka nje, bajaji na bodaboda ziguswane tu hapo barabarani. Trafiki hajafika, gari la wagonjwa halijafika, lakini kijana mwenye kipaza sauti cha sponji nyekundu ameshafika na simu yake kwenye kijiti. "Mama, unajisikiaje baada ya kuvunjika mguu?" Na watu wanamfuatilia huyo! Akaunti ya binti yangu, pamoja na ada zote hizo, tunamfuatilia mimi, mama yake na shangazi yake wa Muheza, ambaye simu yake ilidondoka chooni.

Lakini haya yote ningeyavumilia. Kilichonifanya nipige kelele ni somo la uandishi wa makala. Waliambiwa kila mmoja atafute kero inayogusa jamii. Wenzake wakachukua maji, wengine taka, wengine mikopo ya kausha damu. Mimi wangu akachagua: kwa nini mafundi huchelewesha kazi za watu. Dar es Salaam hii ina mafundi wangapi? Keko peke yake tunapigana vikumbo. Mhojiwa mkuu akawa mimi.

Akaja karakana Jumamosi, akaweka simu kwenye benchi katikati ya maranda, akabonyeza. "Tafadhali jitambulishe." Nikamwambia mimi ni baba yako. "Kwa ajili ya kumbukumbu." Nikataja jina, kazi na umri, mbele ya vijana wangu wanaocheka na randa mkononi. Akaendelea: "Fundi..." Fundi! Mtoto niliyembeba mgongoni kumpeleka kliniki! "Fundi, pale nyuma kuna kabati la milango mitatu limefunikwa turubai. Ni la nani, na uliahidi kulitoa lini?"

Nikamweleza kwa utaratibu. Mbao zilikuja mbichi, mninga ukipigwa haraka utapinda. Umeme nao mnaujua. Halafu kijana wa vanishi kafiwa. Akafungua daftari. "Msiba huo ni wa lini? Kwa sababu Jumanne ulimwambia mteja mashine imekufa, na Ijumaa ukamwambia uko njiani na kabati liko kwenye kirikuu, kile kigari cha mizigo." Kumbe jioni zote zile alizokaa kibarazani akichambua mchele alikuwa anasikiliza simu zangu! Nikamwambia basi hilo la kirikuu usiliandike. Akanitazama kwa huruma. "Baba, 'usiandike' inasemwa kabla. Haisemwi baada."

Eti ili makala iwe na mizania, akapanda gari mpaka Chang'ombe kwa mwenye kabati. Yule mama alimkaribisha soda na maandazi, akamwaga yote, na binti akapiga picha nguo za mama huyo zilizojaa kwenye salfeti kwa kukosa kabati. Nikaona hapa pabaya. Nikamwita binti pembeni, nikatoa elfu ishirini. Mwanangu, hii ya nauli, na hicho kipande cha salfeti ukipunguze punguze.

"Baba, hii ni bahasha."

Bahasha iko wapi? Nimekupa mkononi, haina hata karatasi! Akanihubiria maadili ya uandishi, kwamba bahasha ni hongo ya mwandishi, pale pale kwenye vumbi la msasa, mpaka vijana wangu wakavua kofia. Hela alichukua. Alisema anaipokea kama binti, siyo kama mwandishi.

Makala ikapata A. Mwalimu akaisoma mbele ya darasa, ikabandikwa na kwenye ubao wa idara, kichwa chake: "Idi Mbili Zapita, Kabati Bado Linapigwa Vanishi." Nikaisoma. Jina langu liko mstari wa kwanza! Nikalalamika kwa nini sababu zangu za mbao mbichi hazimo. Akanieleza kwamba habari huandikwa kwa piramidi iliyogeuzwa, zito linakaa juu, jepesi chini, ili mhariri akibanwa na nafasi akate kutokea chini. Sababu zangu zilikuwa chini. Nafasi ikabana.

Jana yule mama wa Chang'ombe kapiga. "Fundi, kabati vipi?" Nikakohoa kidogo, nikamjibu kwa ile sauti ya saa mbili usiku, kwamba suala lake bado tunalifuatilia kwa karibu, na tutamjulisha kadiri taarifa zitakavyotufikia.

Akanyamaza. Halafu akasema, "Fundi, hebu rudia taratibu, na utaje jina lako kamili. Binti yako alinifundisha kurekodi."