DSLR ya Fremu Kamili: Kihisi Bado Kina Nguvu, Kioo Ndicho Kimezeeka

Ninapoulizwa kama kamera ya DSLR (kamera ya dijitali yenye kioo ndani yake) ya fremu kamili bado inafaa kununuliwa, hulitenga swali hilo katika sehemu mbili, kwa sababu ndani ya kamera hii kuna vitu viwili vinavyoamua karibu kila jambo: kihisi kinachopokea mwanga, na kioo kinachosimama mbele yake. Uzuri wa picha zake unatokana zaidi na kihisi, na kasoro zake nyingi zinatokana na kioo. Mtu akivichanganya viwili hivyo, ama ataisifu kamera kupita kiasi, ama ataitupa kabla ya wakati wake.

Kihisi cha fremu kamili kina ukubwa wa milimita 36 kwa 24, kipimo kilichorithiwa kutoka kwenye filamu ya milimita 35. Kile cha APS-C, kinachopatikana katika kamera nyingi za bei ya chini, kina takriban milimita 23.5 kwa 15.6, yaani eneo lake halifiki hata nusu. Kwa hiyo, kasi ya shata (pazia linalofunguka kupitisha mwanga) ikiwa ile ile na uwazi wa lenzi ukiwa ule ule, kihisi kikubwa hupokea zaidi ya maradufu ya mwanga. Mchana, penye mwanga wa kutosha, faida hiyo haionekani, na anayepiga picha za mchana pekee na kuzitazama kwenye simu hana sababu ya kubeba mzigo huu. Faida hujitokeza ukumbini usiku, ISO, yaani wepesi wa kamera kuitikia mwanga, inapopandishwa hadi 3200 au 6400. Tazama picha ya mtu mwenye ngozi nyeusi aliyevaa suti nyeusi chini ya taa hafifu, kisha uikuze hadi uone shavu na ukosi wa koti: kwa kihisi kidogo, chengachenga, yaani vidoa vidogo vinavyotapakaa kwenye picha ya gizani, hula kwanza mpito laini wa rangi kati ya shavu na kivuli chake, na uso hubaki kama umepakwa vumbi. Kihisi kikubwa huuhifadhi mpito huo. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kuichagua kamera hii, kuliko idadi ya megapikseli inayotangazwa kwenye boksi. Nikon D700 ya mwaka 2008 ina megapikseli 12 tu, na picha zake za usiku bado zinatazamika vizuri hadi leo.

Hata hivyo, vihisi vya fremu kamili havilingani. Canon 5D Mark II na 5D Mark III zilijulikana kwa michirizi inayojitokeza pale vivuli vinapong'arishwa sana katika faili ghafi (RAW, picha ambayo kamera haijaichakata), ilhali Nikon D800 ya mwaka 2012, na D850 ya mwaka 2017, huvumilia kung'arishwa huko vizuri zaidi. Anayepiga mandhari, penye anga angavu na ardhi yenye giza, alifikirie jambo hili kabla ya kufikiria jina la kampuni.

Nikigeukia kioo, lazima nianze kwa kukitendea haki. Ukiweka jicho kwenye kitazamio cha DSLR, unaona mwanga wenyewe uliopita kwenye lenzi, ukageuzwa na kioo na kuletwa jichoni na prizimu. Hakuna skrini katikati, wala kuchelewa kokote. Kwa fremu kamili, kitazamio hicho ni kipana na chenye nuru, na mpiga picha anaweza kusubiri tukio kwa muda mrefu bila kumaliza betri. Nikon D850 hupimwa kwa picha 1,840 kwa chaji moja, kiwango ambacho kamera nyingi zisizo na kioo (mirrorless) bado hazijakifikia. Napenda kufanya kazi kwa kitazamio hiki, na sidhani kwamba skrini ndogo, hata iwe safi namna gani, hulipatia jicho utulivu ule ule.

Tatizo kubwa liko kwenye fokasi. Nyuma ya kioo kikuu kuna kioo kingine kidogo kinachopeleka sehemu ya mwanga chini ya kamera, kwenye kitambuzi cha fokasi. Hii ina maana kwamba kamera hupima umbali kwa njia moja na hurekodi picha kwa njia nyingine. Njia hizo zikipishana kidogo tu, lenzi hulenga mbele au nyuma ya pale ulipokusudia, na kwa kuwa fremu kamili hutoa eneo jembamba la ukali, kosa linaonekana wazi: lenzi ya milimita 85 kwenye f/1.4, yaani ikiwa imefunguliwa sana, itakuonyesha sikio lililo kali na jicho lenye ukungu. Kamera nyingi za daraja hili zina kipengele cha kurekebisha fokasi kwa kila lenzi, lakini ni kazi ya subira. Huna budi kuiweka kamera kwenye stendi, kupiga picha ya rula iliyolazwa kwa mshazari huku lenzi ikiwa wazi kabisa, kusoma ni alama gani iliyo kali, kubadilisha namba ya marekebisho na kurudia. Juu ya hayo, vituo vya fokasi vimesongamana katikati ya kitazamio. Canon 6D ya mwaka 2012 ina 11 tu, na cha katikati peke yake ndicho cha kutegemewa gizani. Kamera isiyo na kioo hupima fokasi kwenye kihisi chenyewe, kwa hiyo kasoro ya njia mbili haipo, na hulifuata jicho la mtu hadi pembeni mwa fremu.

Uzito nao si jambo dogo: D850 pamoja na betri hukaribia kilo moja kabla hujafunga lenzi. Mlio wa kioo husikika penye ukimya. Katika video, kioo hulazimika kuinuliwa na kitazamio hufumba, ndiyo maana simshauri yeyote anayeishi kwa video kununua DSLR.

Baada ya mwaka 2020, Canon na Nikon hawajatoa modeli mpya ya DSLR ya fremu kamili, na hilo limeiingiza kamera hii katika soko la mitumba pamoja na lenzi zake nzuri za kiunganishi (sehemu ya kufungia lenzi kwenye kamera) cha Canon EF, kilichoanza mwaka 1987, na Nikon F cha mwaka 1959. Kwa mpiga picha za mnato anayefanya kazi penye mwanga hafifu na mwenye bajeti finyu, naona hapo pana nafasi ya kweli. Aulize idadi ya mipigo ya shata, apige picha ya anga jeupe kwa f/16, uwazi mdogo wa lenzi, ili aone madoa kwenye kihisi, na aijaribu fokasi kwa lenzi atakayoitumia. Sehemu kubwa ya fedha aiweke kwenye lenzi, kwa sababu fremu kamili hutumia duara lote la picha ambalo lenzi huliangazia kwenye kihisi na huanika kila udhaifu wa pembeni. Akichagua zile za EF, adapta itazihamishia kwenye kamera za Canon zisizo na kioo, zikiwa na fokasi yake ya otomatiki, siku atakapoamua kuhama.