Kaka yangu, mistari miwili na homa ya ini C

Jamani hii kitu imenikaa moyoni wacha niitoe. Kaka yangu yuko kwa ARV miaka mingi, hakosi kliniki, virusi vyake vilishashuka mpaka havionekani kwa kipimo, hapa Arua, kaskazini mwa Uganda, wanaomjua wanajua huyo mzee ni wa nidhamu. Sasa mwaka jana akapimwa kidole kwenye kliniki moja ya mtaani, mistari miwili ikatokea, akaambiwa una homa ya ini C, ila usijali ARV zako zitaimaliza. Basi, nenda nyumbani.

Akarudi akajitengea kikombe na sahani. Shemeji analia, watoto hawaelewi, nyumba ikawa kama ya matanga. Na kumbe C haipiti kwa kikombe! Inapita kwa damu: sindano iliyotumika, wembe wa kuchangia, chale za mganga (nani kati yetu hana chale?).

Na hiyo ya ARV kuimaliza ni uongo. Tembe yake ya jioni ina tenofovir na lamivudine ndani, hizo zinaibana homa ya ini B, C haziigusi kabisa. Nadhani watu wanachanganya kwa sababu huku kaskazini kelele zote zilikuwa za B, tangu serikali ianze kupima na kuchanja watu 2015, ukisema tu homa ya ini mtu anawaza B. Chanjo ya C haipo mpaka leo. Lakini B ikishakuwa sugu unaishi nayo, C INAPONA, tembe za sofosbuvir na daclatasvir kwa wiki 12 na watu zaidi ya 90 kwa 100 wanapona, hata wenye VVU, ilimradi daktari aangalie ARV unazomeza maana ukiwa kwa efavirenz lazima dozi ya daclatasvir iongezwe. Na wenye VVU ndio ini lao linaharibika haraka zaidi, sasa kwa nini wao ndio wanatumwa nyumbani na neno moja?

Halafu kile kipimo cha kidole hakisemi una virusi, kinasema tu mwili wako uliwahi kukutana navyo. Kuna watu mwili unavifukuza wenyewe bila dawa. Lazima damu ipimwe tena, wasake kirusi chenyewe, na hapo ndipo tulipozungushwa, nenda huku, rudi kesho, mbuzi wawili wakauzwa. Wakati mashine ya GeneXpert, hiyo hiyo ya kupima kifua kikuu, inaweza kupima C ikiwekewa katriji yake (kile kikasha cha kuwekea damu ya kupima). Najua katriji ni pesa, lakini mgonjwa tayari yuko kwenye benchi, faili lake liko mezani, damu mnamtoa kila mwaka, kuongeza chupa moja ni shida gani?

Majibu yakaja: kirusi hakijaonekana. Hana C. Miezi minne ya kulala macho, bure.

Sasa shida ni kwamba mistari miwili haitaondoka, akipimwa kidole tena mahali popote itatokea vilevile na ataambiwa yaleyale. Kwa hiyo ile karatasi ya majibu tumeitia kwenye plastiki, anatembea nayo ndani ya kitabu cha kliniki, na fotokopi mbili ziko kwa shemeji.