Freddie Mercury na Zanzibar: nani alimkataa nani?

Septemba 2006 watu wa Unguja walikaribia kugombana kwa sababu ya marehemu Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya roki ya Queen aliyezaliwa kisiwani. Mkahawa mmoja wa pwani ya Mji Mkongwe, wenye jina lake kibaoni, ulipanga kumfanyia sherehe kwa kuwa angetimiza miaka 60. Jumuiya ya Kiislamu ya Uamsho ikaja juu: mtu aliyeishi vile, akipenda wanaume, akafa kwa UKIMWI, hafai kutukuzwa katika kisiwa cha Waislamu. Miaka miwili kabla ya hapo Baraza la Wawakilishi lilikuwa limepitisha sheria kali zaidi dhidi ya mapenzi ya jinsia moja, kwa hiyo waliopinga hawakuwa wakipiga kelele za vichochoroni tu. Sherehe haikufanyika.

Novemba 2019 jumba la makumbusho yake likafunguliwa Shangani, Barabara ya Kenyatta, na sikusikia mtu akiandamana. Sidhani kama kisiwa kilikuwa kimebadili imani yake katika miaka hiyo 13. Kilichobadilika ni idadi ya wageni wanaomuulizia. Mwaka mmoja nyuma ilikuwa imetoka filamu ya maisha yake, Rami Malek akapata Oscar kwa kumwigiza, na watu wakawa wanashuka boti ya Dar es Salaam wakiuliza nyumba ya Freddie iko wapi. Filamu yenyewe haina onyesho hata moja la Unguja.

Basi ni wetu au si wetu? Wanaosema ni wetu wana cheti mkononi. Farrokh Bulsara, ndilo jina alilopewa na wazazi, alizaliwa katika hospitali ya serikali mjini Unguja tarehe 5 Septemba 1946. Baba yake, Bomi, alikuwa mtunza fedha wa Mahakama Kuu chini ya Waingereza. Mama yake alikuwa Jer, na mwaka 1952 akazaliwa dada yake, Kashmira. Walikuwa Waparsi, watu wenye asili ya Uajemi waliokaa Gujarat kwa karne nyingi kabla ya baadhi yao kuvuka bahari kuja kwetu kutafuta kazi. Dini yao ni ya Zarathustra, ile ile inayohusishwa na Mamajusi tunaowasoma katika Injili wakifuata nyota. Mji uliojaa Wahadhrami, Wangazija, Wagoa, Mabohora na Wamanyema hauwezi kumwambia Mparsi kwamba yeye peke yake ndiye mgeni.

Wanaosema si wetu nao wanajua hesabu. Mtoto alipofika miaka minane alipelekwa shule ya bweni ya St Peter's, Panchgani, kule India. Huko ndiko alikofunzwa piano, huko ndiko wenzake walikoanza kumwita Freddie, na huko ndiko alikoanzisha bendi ya wanafunzi iliyoitwa The Hectics. Alirudi Unguja 1963, akakaa muda mfupi, na 1964 familia ikaondoka. Ukijumlisha yote hupati hata miaka kumi. Uingereza alikaa 27. Chuo cha sanaa cha Ealing ndicho kilichompa diploma ya michoro, London ndiko alikounda Queen na Brian May na Roger Taylor mwaka 1970, na John Deacon akaingia mwaka uliofuata. Queen ni bendi ya London. Kusema sauti iliyowanyanyua watu 72,000 uwanjani Wembley kwenye tamasha la Live Aid tarehe 13 Julai 1985, kwa dakika ishirini hivi, ililelewa Shangani, ni kujipendelea.

Kuna wanaokimbilia neno "Bismillah" lililomo ndani ya Bohemian Rhapsody, wimbo wa 1975 uliokaa namba moja Uingereza kwa wiki tisa. Wanasema hiyo ni adhana ya utotoni ikimrudia. Huenda. Lakini neno hilo limekaa jirani na Galileo na Figaro, na hakuna anayedai kwamba jamaa alikulia Italia. Mimi ushahidi huo nauacha.

Hoja nzito zaidi dhidi yake ni ukimya wake mwenyewe. Kabla ya albamu ya kwanza ya 1973 Bulsara alikuwa keshatoweka na Mercury keshachukua nafasi. Katika mahojiano Zanzibar ilitajwa kwa nadra na kwa kupita, na magazeti yakazoea kumwita Mwajemi. Waswahili tuna neno kwa mtu wa namna hiyo: mkataa kwao ni mtumwa. Nimelisikia likitupwa barazani kumhusu yeye, na aliyelitupa alijiona amemaliza.

Hakumaliza. Tuangalie ni Uingereza ipi aliyokuwa akijipenyeza. Familia ilikaa Feltham, karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow, ambako kijana alifanya vibarua vya kubeba mizigo. Machi 1968 Bunge la Uingereza lilipitisha kwa haraka sheria ya kuwazuia Wahindi wa Kenya wenye pasipoti za Uingereza wasiingie nchini. Aprili mbunge Enoch Powell akatoa hotuba yake dhidi ya wahamiaji, na makuli wa bandari ya London wakaandamana kumuunga mkono. Kijana wa Kihindi kutoka Afrika Mashariki, mwenye umri wa miaka 21, alikuwa akisoma hayo magazetini. Halafu anataka kuimba roki, muziki ambao vijana weupe wa Uingereza walishauchukua kuwa wao. Angejiita Farrokh wa Zanzibar? Jina alilibadili, ila meno manne ya ziada kinywani, yaliyomfanya ataniwe tangu Panchgani, alikataa kuyang'oa akihofia sauti itaharibika. Kwa hiyo si mtu aliyejifuta mwili mzima. Alichagua cha kuficha na cha kubaki nacho.

Kwa upande wangu jina namsamehe kabisa. Ninachoshindwa kukimeza ni Sun City, mji wa starehe na kamari. Oktoba 1984 Queen walikwenda kupiga huko Bophuthatswana, ndani ya Afrika Kusini ya ubaguzi, wakati Umoja wa Mataifa ulikuwa umewataka wasanii wasiende. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliwatoza faini. Bendi ilijitetea kwamba inawapigia mashabiki wote, si serikali, na ilitoa msaada kwa shule ya watoto viziwi na vipofu. Sawa, lakini wakati huo nchi alikozaliwa ilikuwa ikiwahifadhi wapigania uhuru wa ANC, kule Mazimbu, Morogoro. Wanaomuita shujaa wa Afrika waanze kwa kulijibu hilo.

Kuhusu ugonjwa wake, wapo wanaomlaumu kwa kunyamaza mpaka tarehe 23 Novemba 1991, siku moja kabla ya kufa akiwa na miaka 45. Humlinganisha na Philly Lutaaya wa Uganda, ambaye 1989 alisimama hadharani akasema ana UKIMWI, akazunguka mashuleni na makanisani hadi nguvu zikamwisha Desemba mwaka huo huo. Mlinganisho ni wa haki kwa Lutaaya, maana alichofanya kilihitaji kifua. Kwa Mercury si wa haki sana. Magazeti ya udaku yalikuwa yakimvizia nje ya geti lake la Kensington, na mgonjwa ana haki ya kufa bila kamera. Fedha za tamasha la kumkumbuka la Aprili 1992 ndizo zilizoanzisha mfuko wa kupambana na ugonjwa huo, nao unafanya kazi hadi Afrika.

Turudi Shangani, kwenye fedha. Mwaka ule ule makumbusho yalipofunguliwa, chuo cha muziki cha Dhow Countries, kinachofundisha taarab, ngoma na kidumbaki, kilitangaza kwamba kiko hatarini kufungwa kwa kukosa pesa. Simlaumu marehemu kwa hilo, na makumbusho ni biashara ya watu, haijamnyang'anya mtu. Ila inaonyesha umaarufu upi unalipa. Anayekuja kwa ajili ya Freddie anapiga picha mlangoni, ananunua fulana, anakwenda kula pweza Forodhani. Mpiga kanuni wa taarab aliye ghorofani mtaa wa pili hajui hata kama kuna mgeni kapita.

Na kuna jambo ambalo pande zote mbili, wanaomuuza na wanaomkataa, wanalipita kwa ncha za vidole. Familia ya Bulsara haikuhama kutafuta maisha. Iliondoka baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, pamoja na maelfu ya Waarabu na Wahindi, wakati maelfu ya wengine walikuwa wameuawa. Najua upande wa pili wa habari hiyo: Waafrika waliokuwa wengi walikuwa hawana ardhi wala sauti, na karani wa mahakama ya mkoloni, mwenye yaya na watumishi nyumbani, alikuwa amekaa upande wa kivuli. Yote mawili ni kweli. Lakini ukitumia methali ya mkataa kwao kwa kijana wa miaka 17 aliyeondoka na wazazi wake na mizigo michache, inabidi useme pia kwao palimfanya nini.

Siku moja nilisimama nyuma ya kundi la watalii Barabara ya Kenyatta. Papasi kijana, mtembeza wageni wa mitaani, alikuwa akiwaeleza kwa Kiingereza safi: tarehe, wimbo, Wembley, yote kwa ghibu. Bibi mmoja wa makamo akamuuliza kwa nini walihama. "Baba alipata kazi London," akajibu bila kusita, akawaelekeza upande wa pili wa barabara kwenye maduka ya vinyago.