Sofa Iliyozama kwa Adabu

Kwa mtu anayeishi katika chumba kimoja cha futi kumi kwa kumi pale Sinza, sofa ya mbao ni sawa na mpangaji wa pili asiyelipa kodi. Mimi nilikuwa na kitanda, jiko la gesi, ndoo mbili za maji, na ya tatu iliyopinduliwa ili iwe kiti. Kwa hiyo, nilipoarifiwa kwamba mjomba wa mchumba wangu angefika kutoka Tanga kuona mahali ambapo binti yao angeishi, niliamua kutengeneza sofa kwa maboksi ya friji niliyoyanunua Kariakoo. Kila aliyeuliza nilimjibu kwamba ninatunza mazingira, ingawa kwa kweli nilichokuwa ninakitunza ni mfuko wangu.

Msinicheke mapema, maana boksi nalo lina elimu yake. Ukilichana ubavuni utaona karatasi mbili bapa zilizobana karatasi ya tatu yenye mawimbi. Mawimbi hayo yakisimamishwa wima huwa safu ya nguzo ndogondogo, lakini ukiyalaza umekalia hewa. Frank Gehry, msanifu majengo mashuhuri, alibuni kiti cha boksi mwaka 1972. Katika Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, wanamichezo walilala kwenye vitanda vya boksi vilivyoelezwa kuwa vinahimili takriban kilo 200, na mchezaji wa jimnastiki kutoka Ireland, Rhys McClenaghan, alijirekodi akirukaruka juu ya chake ili kuwanyamazisha wenye mashaka. Nilimsimulia mama mwenye nyumba habari hizo zote, naye akauliza kama huko Tokyo kuna mchwa.

Nilikata vipande, nikavitia pengo na kuvipachanisha mfano wa vigawanyo vya ndani ya boksi la chupa, kisha nikagandisha kila kitu kwa uji mzito wa unga wa ngano, gundi ile ile tuliyotengenezea tiara utotoni. Majirani watatu walikaa kwa pamoja, sofa haikutikisika. Juu ya kikalio nilibandika kipande chenye picha za kiwandani: mishale miwili inayoelekea juu, bilauri, na mwavuli unaodondokewa na matone. Niliziona kuwa ni mapambo.

Ilikuwa katikati ya masika. Alfajiri ya siku ya ugeni nilipaka uji mwingine juu ya kikalio ili king'ae, kisha, kwa heshima ya mkwe, nikapiga deki mara tatu kwa maji mengi. Hayo maji yalikwenda wapi, sikujiuliza.

Mjomba alikuwa pande la mtu, amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi ikapigika. Alipokaa nilifumba macho, lakini sofa haikutoa hata mlio. Kupitia dirishani alimwona mama mwenye nyumba akianika nguo uani, wakasalimiana vizuri, nami nikaketi juu ya ndoo yangu tukaanza mazungumzo ya kazi na ukoo.

Kufikia kikombe cha pili cha chai, niligundua kwamba ninamtazama mkwe wangu kutoka juu. Kwa kuwa hilo ni utovu wa adabu, niliiacha ndoo nikahamia kwenye kibao cha mbuzi. Baada ya muda mfupi magoti yake yalikuwa yamepanda hadi usawa wa kifua, nami nikakiacha kibao nikakaa mkekani. Sofa ilikuwa inazama taratibu, bila kelele, kama mtumbwi wenye tundu dogo, na kati yetu hakuna aliyelitaja jambo hilo, kwani mgeni hakosoi kiti cha mwenyeji, na mwenyeji hawezi kumwambia mkwe kwamba anadidimia. Tulipofika kwenye suala la mahari, mimi nilikuwa karibu nilale chali.

"Kijana," akasema hatimaye, akinyoosha shingo kuelekea dirishani, "yule mama ameshaanua nguo zake?"

"Bado zipo, mjomba."

"Basi mbona mimi ninaona mawingu tu?"

Nilimpa mikono yote miwili, tukavutana. Aliinuka pamoja na mlio mrefu wa karatasi inayochanika, akakung'uta mikono, akasema chai ilikuwa nzuri, akatoka nje kumuaga mama mwenye nyumba. Alipogeuka ndipo tulipoona sote, mimi na mama mwenye nyumba, kwamba kikalio cha sofa kimeondoka naye, kimegandia barabara nyuma ya kanzu, mwavuli na matone yake vikionekana vizuri.

Mama mwenye nyumba aliutazama ule mwavuli, akatazama mbinguni, akaanza kuanua nguo.

Ujasiri wa kumwambia sikuwa nao. Nilimsindikiza hadi kituo cha daladala nikitembea nyuma yake, nimemkaribia mno kama mlinzi wa mheshimiwa, na kila aliponiomba niende naye sambamba nilimjibu kwamba kwetu kijana hatangulii wala halingani na mkwe.