Superman ni mtoto wa wahamiaji

Kila inapotoka filamu mpya ya mashujaa wa katuni, hakosekani mtu wa kusema kwamba hao ni Samsoni wa Biblia na Hercules wa hekaya za Kiyunani tu, wamevalishwa nguo za kubana. Si uongo. Jerry Siegel mwenyewe alieleza kuwa Samsoni na Hercules walikuwa akilini mwake alipombuni Superman. Lakini jibu hilo hunikera, maana linamtoa Superman Cleveland, Ohio, alikozaliwa.

Siegel na rafiki yake mchoraji, Joe Shuster, walikuwa vijana wa Kiyahudi, wazazi wao wamehamia kutoka Ulaya. Walikua wakati uchumi wa Marekani umeporomoka. Mwaka 1932 baba yake Siegel alifia dukani kwake baada ya kuvamiwa na wezi. Wapo wanaosema mtu asiyepenywa na risasi alizaliwa siku hiyo. Mimi siendi mbali hivyo, kwani mzee hakupigwa risasi, moyo ndio uliosimama.

Kinachonishawishi zaidi ni hadithi zenyewe. Katika toleo la kwanza la jarida la katuni la Action Comics, Juni 1938, lililouzwa senti 10, Superman anamshikisha adabu mume anayempiga mkewe, kisha anamwandama mtu anayemhonga seneta. Toleo la 3 ndilo nilipendalo: tajiri mwenye mgodi mbovu anajikuta amefukiwa humohumo mgodini pamoja na wageni wake waliotoka kwenye sherehe, ili waonje hofu ya wachimbaji. Hercules hakuwahi kushughulika na usalama kazini!

Halafu kuna utoto wa Superman mwenyewe: mtoto anayetiwa chomboni na kupelekwa mbali ili apone, akalelewa ugenini kwa jina la ugenini. Msomaji wa Taurati atamwona Musa mara moja. Nami huwaona pia wachoraji wa Kiyahudi wa zama zile: Jacob Kurtzberg aliyejiita Jack Kirby, Robert Kahn wa Batman aliyejiita Bob Kane. Clark Kent, yaani Superman anapojifanya mtu wa kawaida, na suti yake na miwani yake, alikuwa mwenzao. Kirby na Joe Simon ndio waliomchora shujaa mwingine, Captain America, akimtwanga Hitler ngumi kwenye jalada la Machi 1941, miezi kadhaa kabla Marekani haijaingia vitani.

Siegel na Shuster walimuuza Superman, haki zote, kwa dola 130. Walishindwa mahakamani, wakaishi kwa shida. Ni mwaka 1975, Shuster akiwa karibu kipofu, ndipo wenye mali walipokubali kuwalipa dola 20,000 kwa mwaka kila mmoja, na kurudisha majina yao kwenye kurasa.