Moshi wenye risiti na moshi usio na risiti

Ukisikia mkoa fulani unatoa tani kadhaa za hewa chafu kwa mwaka, usidhani kuna mtu aliyezunguka na mizani kwenye kila jiko na kila bomba la pikipiki. Hakuna mji unaopimwa hivyo, iwe Tabora au London. Namba hiyo ni zao la kuzidisha. Wataalamu huchukua kiasi cha shughuli, mathalani lita za dizeli, kilo za kuni au hekta zilizoungua, wakazidisha na kizidishi, yaani makadirio ya hewa chafu inayotoka katika kila lita, kilo au hekta. Vyanzo vyote vikishajumlishwa, orodha ya utoaji wa hewa chafu imepatikana. Serikali huitumia kuandaa ripoti za kimataifa, watafiti huiingiza kwenye kompyuta kuona moshi unaelekea wapi, na wapanga sera huitazama wanapoamua nani abanwe kwanza.

Hapo kwenye kubanwa ndipo penye ubishi. Wapo wanaosema tutumie namba zilizopo hata kama nusu yake zimeazimwa nchi za mbali, na wapo wanaosema namba za kuazima ziachwe hadi tupime wenyewe. Mimi nawaunga mkono wa kwanza kwa sharti moja: orodha isigeuzwe hati ya mashtaka, kwa sababu haivioni vyanzo vyote kwa jicho moja.

Chukua majenereta ya dizeli yaliyoendesha umeme wa mji wa Kigoma kwa miaka mingi, kabla ya umeme wa gridi ya Taifa kufika. Hesabu yake ni rahisi. Mafuta yalinunuliwa, yakapokelewa, yakaandikwa. Lita zinajulikana, aina ya injini inajulikana, na karani makini anaweza kuimaliza kazi hiyo ofisini.

Sasa njoo Urambo au Kaliua, mkoani Tabora, kwenye tumbaku. Kilo za tumbaku zinajulikana vizuri, kwa sababu kila mtumba, yaani furushi la tumbaku, hupimwa sokoni na mauzo hupitia chama cha msingi cha ushirika. Kuni zilizoikausha je? Bani, yaani banda la kukaushia tumbaku ya mvuke, huwashwa karibu wiki nzima, usiku na mchana. Mkulima huanza na joto dogo ili jani ligeuke njano, hulipandisha jani likauke, kisha hulikoleza zaidi mpaka ule mshipa wa katikati ukauke. Wakati huo mvua mara nyingi bado zinanyesha, na magogo yaliyolala nje yameloa. Gogo bichi au lililoloa hufuka sana kabla ya kushika moto, wakati kizidishi cha kwenye kitabu huenda kilipatikana maabara kwa kuni kavu. Tuseme bani bora linatumia kilo 5 za kuni kwa kilo moja ya tumbaku, na bani la zamani linatumia 10. Kwa kubadilisha dhana hiyo tu, moshi wa wilaya umeongezeka maradufu kwenye karatasi, na hakuna aliyetoka ofisini.

Mkaa una balaa lake. Wakala wa Huduma za Misitu una vibali na ushuru, lakini gunia linalopita usiku kwa baiskeli halina kibali. Hata lenye kibali huweza kujazwa lumbesa, kwa hiyo idadi ya magunia haikupi kilo. Na tanuru la udongo la porini hutoa mkaa wa kilo 10 hadi 20 hivi kwa kila kilo 100 za kuni, kutegemea ufundi wa mchomaji. Mkaa wa Tabora ukipikia Dodoma au Dar es Salaam, sehemu kubwa ya moshi wake imebaki kwenye misitu ya miombo ya Tabora. Je, uandikwe kwa jina la nani? Orodha nyingi huuandika ulikotokea. Ni sahihi kijiografia, ila mnunuzi anabaki msafi.

Moto wa kiangazi huhesabiwa kwa setilaiti. Ramani za maeneo yaliyoungua zinazotumika sana hugawanya ardhi katika vipande vyenye upande wa takriban mita 500, yaani hekta 25 hivi kila kimoja. Anayechoma ekari mbili kuandaa shamba anaweza asionekane kabisa.

Kuna jambo jingine linalowachanganya hata madiwani. Katika hesabu ya gesijoto, kabonidioksidi ya kuni haijumlishwi kwenye nishati, kwa kuwa upotevu wa miti huhesabiwa upande wa misitu na matumizi ya ardhi. Utaratibu huo unazuia kuhesabu mara mbili, na sina ugomvi nao. Lakini atakayesoma jedwali la nishati peke yake ataona mkoa msafi, ilhali chembechembe zinazomkoholesha mama jikoni ziko palepale. Hizo zinahitaji safu yake.

Wanaodai kupima kwanza wana ushahidi mzito. Mwaka 2015 watafiti walichapisha katika jarida la Nature vipimo vya makaa ya mawe ya China, wakakuta kizidishi halisi kiko chini kwa wastani wa asilimia 40 kuliko kile cha jumla cha Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi (IPCC) la Umoja wa Mataifa. Mwaka huohuo ikafichuka kwamba magari ya dizeli ya Volkswagen yalifaulu maabara huku barabarani yakitoa oksidi za naitrojeni hadi mara 40 ya kiwango kilichoruhusiwa Marekani. Kama wenye maabara kila kona walikosea, sisi je?

Hata hivyo, kusubiri nako kuna gharama. Miongozo ya jopo hilo yenyewe imeweka ngazi tatu: unaanza na vizidishi vya jumla, unapanda kwenye vya nchi yako, kisha kwenye vipimo vya kina. Ngazi ya kwanza ipo ili mtu asikae bure. Na kosa lisilobadilika mwaka hadi mwaka haliharibu sana mwelekeo: kama kuni zimekadiriwa pungufu kila mwaka kwa kiasi kilekile, bado utaona zikipanda au kushuka. Kulinganisha wilaya za Sikonge na Nzega kwa namba hizo ndiko kunakopotosha. Mkulima wa tumbaku ataonekana mchafuzi mkuu kwa sababu tu mazao yake yana risiti.

Mtihani wa karibu ni nishati safi ya kupikia. Mkakati wa Taifa uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Maafisa wakihesabu mitungi ya gesi iliyogawiwa na kuzidisha, moshi wa Tabora utapungua siku ileile ya ugawaji, hata kama mwezi wa pili mtungi umeisha na familia imerudi kwenye mkaa. Kwa hiyo dodoso la kaya lisiishie kuuliza kama mtungi upo. Liulize ulijazwa lini mara ya mwisho, na maharage ya jana yalichemshwa kwa nini.